Barabara ya Mombasa: Vitafunio vya afya na ujasiri wa kuanza upya

WAHENGA hawakukosea waliponena tembea uone. Hata hivyo, kuna watu wengi, na huenda wewe u mmoja wao, ambao wamesafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa mara kumi au zaidi bila ya kuona chochote. Hupanda basi usiku, husinzia hata kabla ya kufika Athi River, huamshwa na utingo Mtito Andei ili wanunue chipsi na soda, kisha husinzia tena mpaka jogoo wa Mombasa wawike. Wengine siku hizi hupanda garimoshi la reli mpya lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Hilo ni la starehe, lakini madirisha yake hayafunguki, na mwenye beseni la njugu hana njia ya kulifikia.

Ombi langu kwako leo ni hili: utakapopata likizo, ifanye safari hiyo mchana, polepole, huku ukishuka hapa na pale. Barabara hii yenye urefu wa karibu kilomita 500 ni soko moja refu la vitafunio vya afya ambavyo sisi watu wa mjini tumevisahau. Na nyuma ya kila beseni, kikapu au mkokoteni kuna mtu mwenye hadithi yake. Wengi wao hawakuzaliwa wachuuzi. Walikuwa makarani, wenye hoteli, wafanyakazi wa viwandani. Siku moja mlango walioutegemea ulifungwa, au wao wenyewe wakaamua kuufunga, wakashika njia nyingine.

Nilizungumza na watatu kati yao. Waliomba nisiyataje majina yao, nami nimeliheshimu ombi lao.

Njaa ya saa kumi

Kabla hatujaondoka Nairobi, hebu tuulizane: kwa nini tusumbuke na vitafunio? Kila mzazi anaijua njaa ya saa kumi jioni. Watoto wametoka shuleni, chakula cha jioni bado kiko mbali, na duka liko mlangoni. Mwanafunzi wa chuo naye ana mtihani kesho na mfukoni ana shilingi hamsini tu. Mkono huenda wapi? Huenda kwenye krispi, keki na soda.

Soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na sukari inayokaribia au kupita gramu 30, yaani vijiko saba hivi vya chai. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kutiwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni takriban gramu 25 kwa siku. Kwa hivyo, chupa moja tu imekwisha kukuvusha mpaka, nawe bado hujanywa chai.

Kitafunio chema si lazima kiwe cha bei ghali. Kipime kwa maswali matatu. Je, kingali kinafanana na kitu kilichotoka shambani? Je, utamu wake ni wake mwenyewe, au umetiwa? Je, kimechomwa, kimechemshwa au kimekaushwa, au kimeogelea katika mafuta? Yabebe maswali hayo, tuanze safari.

Maembe ya Makueni

Kituo chetu cha kwanza ni Emali, kwenye njia panda ya kwenda Loitokitok. Hapa utapokelewa na vitunguu, nyanya, machungwa na matikiti. Lakini ukisafiri kati ya Novemba na Machi, mfalme wa barabara ni embe. Ndoo zimepangwa kando ya lami, na wachuuzi hukimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Embe lina vitamini A na C kwa wingi, lina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, na mtoto hahitaji kubembelezwa ili alile.

Neema hiyo ina uchungu wake. Maembe huiva yote kwa pamoja. Mawakala huja na malori na kutaja bei waitakayo, kwa kuwa wanajua embe halisubiri. Yanayobaki huoza chini ya miti. Mwaka wa 2017 Kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba ili kupunguza hasara hiyo, na wakulima wengine wakaanza kutafuta njia zao wenyewe.

Mmoja wao ni kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye alikuwa karani katika afisi moja jijini Nairobi. Kazi yake ilikuwa na mshahara wa kila mwezi, tai shingoni na kiti kinachozunguka. Leo anakausha maembe nyumbani kwao, nje kidogo ya barabara kuu. Huyaosha, huyamenya, huyakata vipande vyembamba na kuvipanga juu ya wavu ndani ya kibanda kilichofunikwa kwa karatasi ya nailoni inayopitisha jua na kuzuia nzi. Baada ya siku mbili au tatu za jua kali, vipande huwa vya rangi ya dhahabu, vinatafunika kama peremende, na havikutiwa hata chembe ya sukari.

"Kilo kumi za maembe hunipa kilo moja tu," alinieleza. "Lakini hiyo moja haiozi, wala hakuna wakala wa kunitishia nayo."

Nilipomuuliza ni nini kilichokuwa kigumu zaidi, hakutaja mtaji wala jua. Alimtaja mama yake. Siku aliporudi na mizigo yake, mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza: "Tuliuza ng'ombe ukasome ili uje kuanika maembe?"

Msomaji, swali hilo si dogo. Ni wangapi kati yetu ambao wamekaa miaka mingi katika kazi isiyowafaa kwa sababu ya kuliogopa? Kijana huyu hakulijibu kwa maneno. Alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika hesabu za misimu miwili ambayo alikuwa akikausha maembe siku za Jumamosi na Jumapili, angali ameajiriwa, na kuwauzia wenzake wa afisini vifuko vidogo. Hakuandika barua ya kujiuzulu mpaka daftari lilipomwonyesha kwamba maembe yanaweza kulipa karo ya mdogo wake. Mama akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi ndiye anayewagombeza vibarua wanaopanga vipande ovyo ovyo.

Neno moja la tahadhari: maji yakitoka katika embe, utamu hubaki umejikusanya. Vipande vya kujaza kiganja cha mtoto vinatosha.

Makindu na Kibwezi

Ukifika Makindu, ingia katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, enzi za reli ya zamani. Hapo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa chapati, dengu na chai bila ya malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula kwa adabu. Wenye kupenda huacha sadaka. Watoto wako watajifunza mengi hapo kuhusu ukarimu kuliko utakavyoweza kuwahubiria nyumbani mwaka mzima.

Kibwezi nayo ni nchi ya asali na mibuyu. Asali ya Ukambani ni nyeusi na nzito, na wengi huitegemea badala ya sukari. Ni nzuri, lakini kumbuka kwamba nayo ni utamu, kwa hivyo tumia kijiko, si kikombe. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kupambana navyo.

Mbuyu ndio hazina hasa. Mkazi wa mjini anapolisikia neno mabuyu, huwaza vile vipande vyekundu vinavyopaka ulimi rangi na kuchafua sare za shule. Hayo yamepikwa kwa sukari na kutiwa rangi. Buyu lenyewe, likipasuliwa, lina unga mweupe mkavu ulioshikamana na mbegu, wenye uchachu unaoamsha mate. Ukipima uzito kwa uzito, unga huo una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na una nyuzinyuzi na kalsiamu pia. Mwaka wa 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu uuzwe huko kama chakula, na sasa wazungu wanaununua kwa bei ya juu, ilhali sisi tunaupita kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa.

Jinsi ya kuutumia? Mumunya zile mbegu kama peremende. Au loweka katika maji baridi, koroga, chuja, upate kinywaji cheupe kama maziwa. Au tia kijiko cha unga wake katika uji uliokwisha kuepuliwa. Usiuchemshe, kwani moto huiharibu vitamini C.

Mji uliopotewa na malori

Mtito Andei uko karibu katikati ya safari, mlangoni mwa mbuga ya Tsavo. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa malori. Madereva walilala hapa, walikula hapa, walitengeneza magurudumu hapa. Kuanzia mwaka wa 2018 makontena mengi ya bandarini yalianza kusafirishwa kwa reli mpya. Malori yakapungua, na miji ya barabarani ikaanza kunyauka mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2022 serikali iliyokuwa imeingia madarakani ilitangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zirudishwe bandarini Mombasa, na malori yakapata nafuu. Lakini kwa wengine mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Kando ya barabara nilimkuta mama mmoja wa makamo akiwa na beseni mbili na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Katika sufuria mlikuwa na viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha, yakifuka mvuke. Katika beseni moja mlikuwa na mayai ya kuchemsha, na katika jingine karanga za kukaanga kwa mchanga bila ya mafuta, ambazo hupimwa kwa kikombe kidogo cha bati na kutiwa katika karatasi ya kaki. Nilinunua kiazi, nikakila nimesimama. Kilikuwa kitamu kuliko keki yoyote.

Mama huyu alikuwa na hoteli yenye meza kumi na mbili, hapo hapo, upande wa pili wa barabara. Wateja wake walikuwa madereva wa malori. Walipopungua, aliwaachisha kazi wasichana wawili, kisha wengine wawili. Akakopa ili alipe kodi. Akakopa tena ili alipe mkopo wa kwanza. Mwishowe mwenye nyumba alibadilisha kufuli.

"Mwaka wa kwanza niliuza nikiwa nimejifunika leso usoni," alisema. "Niliona haya, ndugu yangu. Kila aliyenipita alikuwa amewahi kuketi mezani kwangu akiniita bosi. Nilikuwa nikiomba lisimame basi la wageni wasionijua."

Ni kipi kilichomtoa hiyo leso? Alicheka. Alisema siku moja dereva aliyekuwa mteja wake wa zamani alisimamisha lori, akanunua viazi vitano na mayai sita, akamwambia kwamba daktari alikuwa amemkataza chipsi kwa sababu ya shinikizo la damu, na kwamba barabara nzima hajui pa kupata chakula kisichoelea mafutani. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake watatu.

"Nikajiuliza," aliendelea, "mbona ninajificha kana kwamba nimeiba? Hiki ninachouza ni kizuri kuliko kile nilichokuwa nikiuza nilipokuwa bosi."

Usidhani kwamba mama huyu sasa ni tajiri. Anapata kidogo kuliko zamani. Lakini deni amelimaliza, watoto wawili wako shuleni, na analala usingizi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hoteli ilivunjika, lakini mikono iliyojua kupika haikuvunjika.

Unaponunua karanga popote, zitazame kwanza. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu zitupe. Kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na mwaka wa 2004 watu zaidi ya mia moja walifariki katika sehemu za Ukambani kwa kula mahindi yaliyoharibiwa nayo. Karanga nzuri ni nzima, kavu na yenye harufu ya kupendeza. Kikombe kimoja kidogo kina protini na mafuta mema ya kumtosha mwanafunzi hadi chakula cha jioni.

Harufu ya bahari

Kutoka Voi nchi ni kavu na ndefu. Kisha, ukikaribia Mariakani na Mazeras, minazi huanza kujitokeza na hewa hubadilika. Hapa soda haina kazi tena. Muuzaji wa madafu huchagua dafu, hulikata kichwa kwa panga mara tatu au nne, na kukupa. Maji yake yana utamu mdogo wa asili na madini ya potasiamu ambayo mwili huyapoteza kwa jasho. Ukimaliza, mwombe alipasue. Kwa kipande cha kifuu utachota nyama yake laini, nacho ndicho kijiko chako.

Jioni, Mombasa, nenda ufukoni Mama Ngina ambapo familia hubarizi zikitazama meli zikiingia bandarini. Mahali hapa palijengwa upya na kufunguliwa mwaka wa 2019, na mibuyu mikubwa ingali imesimama. Utaona krispi za mihogo zikikaangwa, na mikono yako itakuwasha. Lakini karibu yake kuna mwenye jiko la makaa anayechoma mhogo mzima mpaka ukafanya ganda la kahawia. Huupasua katikati, huupaka ndimu, chumvi kidogo na pilipili. Ni mhogo ule ule, bila ya mafuta. Usiwaruhusu watoto kuutafuna mbichi, kwani aina nyingine zina sumu inayoondolewa kwa kupikwa vizuri.

Korosho za Kilifi

Usikomee Mombasa. Vuka daraja la Nyali, pita Mtwapa na Kikambala, na baada ya kilomita 60 hivi utafika Kilifi, mji wa hori la bahari na daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991. Mikorosho iliyoko huku asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioileta pwani yetu zamani. Katika miaka ya 1970 kilianzishwa kiwanda kikubwa cha korosho mjini Kilifi, kikawaajiri watu wengi, hasa akina mama wabanguaji. Katika miaka ya 1990 kilianguka. Wakulima walikata mikorosho yao wakachoma makaa, na wafanyakazi wakarudi makwao mikono mitupu. Mwaka wa 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe nchini, lakini waliokuwa wamepoteza kazi walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Mmoja wao nilimkuta akiwa ameketi juu ya kibao chini ya mwembe. Amepita miaka sitini. Vidoleni ana makovu meusi, kwa sababu ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Aliingia kiwandani akiwa msichana.

"Mwanangu, walipotufungia lango, nilikuwa najua kitu kimoja tu duniani, kubangua korosho," aliniambia. "Sikusoma. Sikuwa na shamba. Mume alikuwa mgonjwa. Wenzangu wengine walingoja lango lifunguliwe. Walingoja mwaka, wakangoja miaka. Mimi nilingoja miezi mitatu, njaa ikanifukuza."

Alikopa debe moja la korosho kwa jirani, kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Akatoboa bati kuukuu, akaliinjika juu ya mafiga matatu nje ya nyumba, akaanza. Nilimtazama akifanya kazi hiyo. Korosho zikishika moto, moshi mzito huruka, naye hukaa upande upepo unakotoka. Mafuta yakiisha kuungua, huzimwagia mchanga na majivu ili zikauke. Kisha hugonga ganda kwa kijiwe, pigo moja tu, na kiini hutoka kizima. Mwisho huondoa ngozi nyembamba ya ndani. Jaribu wewe, na katika korosho kumi utavunja tisa.

Siku ya kwanza aliuza vikombe vinne. Nilimwuliza kama hakuogopa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba aliogopa kila siku kwa mwaka mzima, lakini hofu ilikuwa ikimkuta kazini.

Korosho ni kitafunio cha kushibisha. Katika kila gramu 100 mna protini karibu gramu 18, pamoja na madini ya magnesiamu, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale yasiyodhuru moyo. Zina nguvu nyingi, kwa hivyo kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Chagua zilizochomwa bila ya mafuta na chumvi nyingi, na kamwe usimpe mtoto korosho ambayo haijabanguliwa aichezee.

Hapa Kilifi pia utaona mibuyu mingine mikubwa kuliko nyumba. Mwaka wa 2022 baadhi yake iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa fedha, na wengine wao walikuwa na karo na madeni, kwa hivyo si haki kuwacheka. Malalamiko yalipozidi, mwezi wa Novemba mwaka huo Rais aliamuru jambo hilo lichunguzwe. Lakini fikiria: mti ambao umewalisha babu na wajukuu huuzwa mara moja tu, ilhali mabuyu yake huvunwa kila mwaka. Anayebadili mwelekeo wa maisha na ajiulize kama anauza matunda au anauza mti.

Tumejifunza nini?

Sikusimulii haya ili kesho uamke ukamrushie mwajiri wako barua. Wapo walioacha kazi kwa pupa, wakaweka akiba yote katika biashara wasiyoijua, na sasa wanajuta. Lakini ukiwatazama watu watatu tuliokutana nao, utaona mambo yanayofanana.

Kwanza, walianza kwa kipimo kidogo. Kijana alianza na siku mbili za wiki, mama wa Mtito Andei alianza na beseni, na bibi wa Kilifi alianza na debe la kukopa. Ujasiri wao haukuja kwa gunia. Ulikuja kwa kikombe, kama korosho.

Pili, walianza na kile mikono yao ilichokijua au shamba lao lilichokuwa nacho. Hawakukimbilia biashara kwa kuwa jirani anaifanya.

Tatu, walistahimili haya. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunaweza kuvumilia njaa kwa siri, lakini hatuwezi kuvumilia kuonekana na beseni. Enyi wazazi, mtoto wenu akija na wazo lisilofanana na lile mlilomsomeshea, msianze na kumhesabia ng'ombe waliouzwa. Mwulizeni kwanza kama ana daftari. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuwalaumu wazazi kwamba hawawaelewi, liandikeni daftari hilo.

Mfuko wa wiki

Safari ikiisha, usiache mafunzo yake ndani ya basi. Nyumbani jaribu ratiba hii kwa njaa ya saa kumi: Jumatatu, kiganja cha karanga na ndizi moja. Jumanne, kiazi kitamu cha kuchemsha. Jumatano, uji wenye kijiko cha unga wa mbuyu. Alhamisi, hindi la kuchoma lililopakwa ndimu. Ijumaa, vipande vichache vya embe kavu na korosho kumi. Vingi vya vitu hivi hupatikana Gikomba, Wakulima, Kongowea na masoko mengine ya mitaani kwako, na kwa ujumla havizidi bei ya soda na krispi unazonunua sasa.

Utakapopita barabara hiyo, teremka. Mwulize muuzaji hali yake kabla ya kumwuliza bei. Siku hizi hata mwenye beseni ana nambari ya M-Pesa, lakini beba sarafu, kwa kuwa mtandao hupotea karibu na Tsavo na basi halingoji. Na kama wewe mwenyewe uko katika njia panda, mwulize alianza vipi. Wengi watakujibu huku wakikupimia, na mara nyingi watakuongezea kidogo juu ya kikombe.

Safari njema.